King'ora Kisichozinduliwa

Nchi hii haikuwapo zamani za kale. Ipo sasa hivi, na wewe unayesoma usiniulize iko wapi. Toka nje, angalia kushoto na kulia, na ukiona hema, viti vya plastiki na utepe mwekundu unaosubiri mkasi, basi umeshafika.

Katika nchi hiyo hakuna kitu kinachoanza mpaka kizinduliwe. Wazee wa lugha wanasema kwamba zamani kuzindua kulikuwa ni kumgutusha mtu aliyepotewa na fahamu. Serikali ililipenda neno hilo, ikalichukua, na tangu lilipochukuliwa wananchi hawajalipata tena. Kisima kikichimbwa na maji yakatoka, maji hayo huitwa maji ya majaribio, na anayeyanywa kabla ya mgeni rasmi kuyaonja anahesabiwa mwizi. Darasa likimalizika kupakwa rangi, watoto huendelea kusomea nje, migongo wameiegemeza kwenye ukuta wa darasa hilohilo, wakimngoja mtu wa kukata utepe. Ipo zahanati ambayo kina mama walijifungulia barazani msimu mzima, na vitanda vimo ndani na nailoni zake hazijatolewa, kwa sababu Mkuu wa Mkoa aliyepangwa kuizindua alihamishwa, na aliyekuja baada yake hakutaka kuzindua kitu cha mwenzake. Kwenye nembo ya taifa wameandika "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Wenyeji bado wanasubiri kupona, na mimi sisemi neno.

*

Gwakisa alikuwa mgambo katika Bonde la Lusoko. Alikuwa mtu wa amri. Sare yake aliipiga pasi ya mkaa kila asubuhi, hata siku ambazo hakukuwa na wa kumwona ila mbuzi, na mkubwa yeyote akipita alimpigia saluti kwanza, halafu ndipo akauliza ni nani. Mkewe, Tusajigwe, alikuwa akiuza ndizi za kupika kwenye gulio la Lusoko. Gulio lenyewe liko chini, kwenye tambarare pale mto unapopinda, kwa kuwa hakuna mahali pengine penye uwanja sawa katika bonde lile. Mvua inaweza kumwagika mlimani tangu alfajiri na gulioni jua linachoma. Watu wanapatana bei, wanacheka, hawana habari, mpaka maji yatokeze kwenye kona yakiwa mekundu, yamebeba magogo na mapaa ya watu.

Mwaka juzi yalitokeza hivyo. Yalimchukua Ambilike, mdogo wake Gwakisa, aliyekuwa ameshuka kununua kamba ya ng'ombe. Tusajigwe ndiye aliyemwona akienda. Alimnyooshea mkono na mkono haukufika.

Kwa hiyo king'ora kilipoletwa Lusoko, Gwakisa alitokwa na machozi mbele za watu na wala hakuyafuta. Kililetwa na Inhinia Salvata, mwanamke mwembamba mwenye buti kubwa, ambaye hakuwa na maneno mengi. Alipanda mlimani, akafunga majini kifaa chenye akili mnemba. Kazi yake ilikuwa kuusikiliza mto mchana na usiku, na kikihisi mafuriko kinapeleka habari chini. Kisha alisimamisha nguzo ndefu kwenye uwanja wa shule, juu ya gulio, na juu ya nguzo akaweka king'ora ambacho kingelia chenyewe bila kuambiwa na mtu. Chini ya nguzo alifunga kisanduku chenye taa ndogo ya kuwaka nyekundu mto ukijaa, na swichi ya mkono endapo nyaya zitaleta matata. Swichi hiyo alimwonyesha Gwakisa. Watu wa gulio aliwaambia sentensi moja tu, kwamba kikilia, waache kila kitu, wapande shuleni.

Alikijaribu mara moja. Watu walipanda wote, vikongwe mgongoni, watoto kwapani, kuku mkononi. Haikuibiwa hata ndizi moja gulioni, maana wezi nao walikuwa wamepanda. Jioni ile Gwakisa alimwambia mkewe kwamba tangu Ambilike aondoke, leo ndiyo mara ya kwanza roho yake imetulia akimwona anafunga mzigo kwenda gulioni.

Kumbe kulikuwa na kosa. King'ora kilikuwa kimelia kabla hakijazinduliwa. Wakubwa wa wilaya walifika na kitambaa cha rangi za taifa, wakakifunika na kuiacha ncha ikining'inia hadi kimo cha mtu, wakaikata waya iliyokiunganisha na kifaa cha mlimani. Wananchi walihojiwa mmoja mmoja kwa nini walikimbia wakati kukimbia kwenyewe hakujazinduliwa. Inhinia Salvata alihamishiwa Idara ya Nyuki. Nasikia anaendelea vizuri huko, kwa kuwa nyuki wanauma bila kusubiri mgeni rasmi.

*

Wakati huohuo dunia ilikuwa inaitisha mkutano. Uliitwa Mkutano wa Dunia juu ya Nafasi ya Ubunifu wa Teknolojia Chipukizi katika Majadiliano ya Sera, na ulipangwa kufanyika katika mji mmoja wa baridi, ng'ambo ya bahari, ambako hawajui mafuriko isipokuwa bomba la hoteli likipasuka. Mwaliko ulipofika katika nchi yetu ulisomwa hadi pale penye neno "chipukizi", ukapelekwa Wizara ya Kilimo. Kilimo wakajibu kwamba miche ya parachichi iko tayari, wanangoja lori. Ukapelekwa Wizara ya Vijana, nao wakakumbuka chipukizi wa chama, wale watoto wa gwaride, wakaanza kushona skafu. Mwishowe Mkuu wa Nchi aliona aibu, akaunda Wizara ya Mambo Chipukizi. Akaikabidhi kwa Mheshimiwa mmoja aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Kale, kwa sababu tayari alikuwa na uzoefu wa mambo.

Mheshimiwa alitamka kwamba taifa haliwezi kwenda kwenye meza ya dunia mikono mitupu. Akauliza tuna teknolojia gani. Wakatafuta, wakakuta king'ora kimoja kimefunikwa kitambaa huko Lusoko. Furaha yake haikuwa na mfano. Aliamua kwamba atakizindua akiwa hukohuko mkutanoni, kwa kubonyeza kitufe mbele ya mataifa yote, na sauti isikike mubashara kutoka bondeni. Basi mkutano ulipoahirishwa, uzinduzi nao uliahirishwa. Mkutano ukasogezwa tena ili wajumbe wamalize likizo zao, na uzinduzi ukasogea nao, mpaka mvua za masika zikaanza kunyesha juu ya king'ora kilichovaa nguo.

Gwakisa alipewa kazi ya kulinda kitambaa. Aliilinda kazi hiyo kwa moyo wote, lakini kila mawingu yalipojikusanya mlimani alikosa raha. Siku moja alijikaza, akamfuata Ndugu Kasiano, Afisa Uzinduzi wa Wilaya, akamuuliza kama ile waya isingeweza kuunganishwa kwa muda wakati wanasubiri.

Ndugu Kasiano alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi cha kistaarabu na sauti ya kubembeleza. Alimweleza kwamba dunia imekubaliana, au iko mbioni kukubaliana, kwamba mashine isiachiwe kuamua yenyewe. Lazima pawepo mkono wa binadamu.

"Mashine zikianza kulia ovyo bila mkono wa binadamu," alisema, "ubinadamu utakwisha."

"Na huo mkono ni wa nani, mkuu?"

"Wa Mheshimiwa."

Gwakisa aliitazama mikono yake. "Na wangu?"

"Wako ni wa kulinda kitambaa," alisema Kasiano kwa upole, akampa soda.

*

Baadaye likaja suala la picha. Wataalamu wa mawasiliano walishuka kutoka makao makuu, wakasema mpango wa kuwakusanya wananchi kwenye uwanja wa shule haufai hata kidogo. Dunia inataka kuuona mto. Basi viti vya wananchi vikapangwa chini gulioni, ukingoni kabisa, migongo kwenye maji, ili kamera ipate nyuso mbele na mto nyuma. Meza kuu ikawekwa juu shuleni, kwa kuwa viatu vya wakubwa na matope haviivi chungu kimoja.

Yakafuata mazoezi. Kwa kuwa king'ora kilikuwa hakiruhusiwi kulia, Ndugu Kasiano mwenyewe alilia kwa niaba yake kwenye kipaza sauti, "Wiii-uuu, wiii-uuu", mashavu yamemjaa. Siku ya kwanza alipolia tu, watu wote waliruka vitini wakapanda mlima. Kasiano nusura azirai. Aliwauliza dunia itasema nini ikiwaona wanakimbia teknolojia. Itasema serikali inawatisha watu wake. Akawakumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha akamwamuru Gwakisa awarudishe.

Gwakisa akawarudisha. Aliwafokea, aliwapiga vijiti vya miguu, alifanya kazi yake. Katikati ya kilima alimkuta mkewe, tenga limepinduka, anahema.

"Mama Sekela, unaniaibisha mbele ya wakubwa. Rudi ukae."

"Si mimi, Baba Sekela," alisema Tusajigwe. "Ni miguu. Imemkumbuka Ambilike."

"Basi ifundishe."

Watu walisikia. Tusajigwe aliokota ndizi zake moja moja, akashuka, akakaa. Jioni ile ugali waliula kila mtu akiangalia upande wake.

Mazoezi yaliendelea mpaka watu wakafundishika. Kasiano akilia "wiii", wanakaa imara, wanatabasamu, wanapiga makofi. Na kwa kuwa katika bonde zima hakuna aliyekuwa na kigelegele kirefu kama cha Tusajigwe, akapangiwa kiti cha mstari wa mbele na kazi ya kuanzisha. Alikianzisha vizuri. Wataalamu wa mawasiliano walimsifu, Kasiano alimsifu, na Gwakisa, Mungu amsamehe, alijisikia fahari.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Wananchi walikaa ukingoni na vitenge vipya vya sare, vyenye picha ya king'ora upande mmoja na ya Mheshimiwa upande wa pili, na kwa bahati mbaya ya mshonaji wengi walikuwa wamemkalia Mheshimiwa. Juu shuleni, mbele ya meza kuu, iliwekwa luninga kubwa ili wakubwa waone mkutano wa ng'ambo. Gwakisa alisimama kando ya nguzo, sare imenyooka, kisigino kwa kisigino.

Kwenye luninga alionekana Mheshimiwa na ujumbe wake uliojaza nusu ya ndege. Walikuwamo wapiga ngoma, mpambaji wa nywele na shemeji wa mtu. Inhinia hakuwamo, nafasi zilikuwa zimejaa. Mheshimiwa alishika kipaza sauti, akaikunjua hotuba.

"Waheshimiwa wajumbe, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Natoka katika nchi ambayo ubunifu si jambo geni. Babu zetu walipiga ngoma kuwaonya watu wakati wa hatari. Leo sisi wajukuu tunaichukua ngoma ile, tunaiweka akili mnemba, na tunauliza: je, sera iko wapi?"

Walimpigia makofi sana. Mimi ningemuuliza kama hao babu walisubiri mtu wa kuja kuizindua ngoma wakati nyumba inaungua, lakini sikualikwa.

Alipofika kwenye kitufe, mjumbe mmoja wa nchi tajiri aliomba mwongozo. Alisema kabla ya kubonyeza ni vyema mkutano ukubaliane juu ya neno. Hao watu wanaoonekana wamekaa mtoni ni walengwa, wanufaika, au wadau? Mjumbe mwingine akasema "walengwa" linaumiza, linafanana na kulengwa kwa bunduki. Wa tatu akapendekeza "jamii zilizo katika mazingira ya fursa za hatari". Wakabishana kwa adabu kubwa, kila mmoja akimshukuru aliyetangulia kwa mchango wake, huku watu wenyewe wakiwa nyuma yao kwenye picha, jua la utosi, wanatabasamu kama walivyofundishwa. Mwenyekiti akaona neno hilo ni zito mno kwa tumbo lenye njaa, akaahirisha kikao ili wajumbe wakapate chakula. Luninga ikabaki inaonyesha ukumbi mtupu, na juu ya meza ndefu chupa za maji.

Ndipo Gwakisa alipoona taa. Ilikuwa ile taa ndogo ya kisandukuni, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunika wala kuikatia waya yake. Ilikuwa nyekundu. Aliinua macho akatazama mlimani, na mlima haukuonekana. Pale ulipokuwa palikuwa na weusi mtupu.

Hakukimbia, kwa kuwa mgambo hakimbii mbele ya meza kuu. Alikwenda hima, akapiga saluti, akainama sikioni mwa Ndugu Kasiano.

"Mkuu, taa nyekundu imewaka."

"Nani ameiwasha?"

"Maji."

"Maji gani?" Kasiano alichukua karatasi iliyokuwa mbele yake, akaipitia. "Mbona maji hayamo kwenye ratiba?"

Gwakisa alionyesha mlima kwa kidevu. Kasiano aliutazama, na lazima tumtendee haki, rangi ilimtoka. Alipiga simu mkoani. Mkoa ulimwambia asubiri, ukapiga makao makuu. Makao makuu yakapiga ng'ambo, na msaidizi wa Mheshimiwa akajibu kwamba Mheshimiwa yuko kwenye supu na balozi. Akaahidi kumdokeza ikifika nyama. Jibu likarudi kwa njia ileile, likishuka ngazi moja moja, na kila ngazi ikaliongezea heshima. Lilipofika Lusoko lilikuwa linasema kwamba Mheshimiwa amepokea kwa uzito mkubwa taarifa ya kuwaka kwa taa, anawapongeza wananchi kwa uvumilivu wao, na atazindua baada ya mapumziko.

"Umesikia," alisema Kasiano. Aliikunja ile ratiba yake. "Baada ya mapumziko."

"Watu wako chini, mkuu. Mke wangu yuko chini."

"Na mimi nina mke, Gwakisa. Nikiharibu leo, wangu atakula nini?"

Maji yakitoka mlimani hadi kwenye kona huchukua muda wa kumenya na kuinjika chungu cha ndizi. Gwakisa alijua hilo kama kila mtu wa bonde anavyojua, na alijua pia kwamba chungu kilikuwa kimeshaanza kutokota. Aligeuka akarudi kwenye nguzo. Hapo alisimama. Alisimama pale kwa sababu tangu aivae ile sare hakuwahi kufanya jambo ambalo hakuambiwa, na mtu akizoea kuambiwa, hata hatari ikimkodolea macho atageuka nyuma kutafuta wa kumpa ruhusa. Hilo ndilo walilomfanyia, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Kisha akakishika kitambaa cha taifa kwa mikono yote miwili, akakivuta, kikachanika. Akabonyeza swichi.

King'ora kililia. Kililia kama kilivyotengenezwa kulia, sauti ya kuingia kwenye mifupa, bonde zima likajaa.

Meza kuu yote ilisimama ikapiga makofi, ikidhani Mheshimiwa ameshamaliza nyama. Na kule chini, watu wa Lusoko walifanya walichofundishwa. Walikaa imara. Walitabasamu kwenye kamera. Walipiga makofi.

Gwakisa alimwona mkewe. Alikuwa mstari wa mbele, uso umeelekea kilimani. King'ora kilipoanza, Tusajigwe alisimama, mguu mmoja ukatangulia. Halafu akatazama juu, kule aliko mumewe, akarudi akakaa. Akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele, kirefu, kizuri kuliko vyote alivyopiga kwenye mazoezi, na wanawake wote wakakipokea.

Ndipo mgambo alipokimbia. Alishuka kilima akipunga mikono yote miwili, kofia imemtoka, anapiga kelele wakimbie, wakimbie, na king'ora chake mwenyewe kinaimeza sauti yake. Wananchi walipomwona anakuja kwa shangwe kiasi hicho walizidisha makofi. Tusajigwe alicheka. Alikuwa hajamwona mumewe na furaha namna ile tangu msiba wa Ambilike. Alivua kanga yake ya begani, akampungia.

Maji yalitokeza kwenye kona nyuma yao.

*

Kule ng'ambo wajumbe walikuwa wamesharejea vitini. Walikikuta king'ora kinalia na wananchi wanashangilia, na ingawa Mheshimiwa hakukumbuka kubonyeza chochote, hakuona sababu ya kuikataa heshima. Dunia nzima ilisimama ikapiga makofi. Halafu kamera ya gulioni ikaonyesha kitu chekundu kwa nukta chache, na picha ikakatika. Mwenyekiti aliomba radhi kwa hitilafu ya mtandao. Mheshimiwa akaitumia nafasi hiyohiyo kueleza umuhimu wa uwekezaji katika miundombinu ya mawasiliano vijijini.

Habari kamili zilipomfikia, Mheshimiwa alitoa tamko. Alisema mfumo umefanya kazi kwa asilimia mia moja. King'ora kililia, wananchi walikisikia, wakakipokea kwa moyo mkunjufu. Yaliyofuata ni mapenzi ya Mungu, na Mungu hayumo katika majukumu ya wizara yake. Mkutano nao uliguswa sana. Ulipitisha kwa kauli moja ile Kanuni ya Mkono wa Binadamu, ukampa Mheshimiwa tuzo ya kioo, na ukaamua kwamba watu wa Lusoko waitwe wadau.

Gwakisa alitolewa matopeni akiwa hai, akiwa ameshika mti, akawekwa mahabusu. Shitaka lilikuwa kuzindua bila ya kuwa mgeni rasmi. Askari aliyemwandikisha alikuwa amefiwa na mama yake gulioni, na alimwandikisha huku machozi yanadondoka mezani, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa amri. Walimwachia kwa dhamana akazike.

*

Waliopatikana walizikwa pamoja, juu, karibu na shule. Makaburi yalichimbwa alfajiri. Majeneza yalipangwa kandokando ya mashimo, sala zikasomwa, za kila dini kwa zamu. Halafu shughuli ikasimama.

Mgeni rasmi alikuwa njiani. Ndege yake ilikuwa imetua, lakini uwanjani pale kulikuwa na ukumbi mpya wa kupokelea tuzo, na ilibidi kwanza auzindue. Ndugu Kasiano, amevaa suti nyeusi, alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba wananchi wawe na subira. Jua lilipanda. Yakaletwa maji ya chupa kwa meza kuu. Watoto walianza kulia na majeneza yakaanza kutoa harufu, na Kasiano akatangaza tena kwamba msafara umeshavuka daraja.

Gwakisa alikuwa amesimama kwenye kichwa cha jeneza la Tusajigwe, amevaa shati la kuazima. Binti yao Sekela, aliyeitwa kutoka shule ya bweni, alikuwa amemshika mkono na hajamwachia tangu asubuhi. Taratibu Gwakisa aliufungua mkono wa mtoto, akaita wanaume wanne, wakaliteremsha jeneza. Akachukua beleshi.

Kasiano alikuja mbio, tai imepinda.

"Gwakisa, ngoja. Mgeni rasmi bado hajafika."

"Mke wangu si mradi," alisema Gwakisa.

Akachota udongo, akautupa. Ulitua juu ya ubao kwa kishindo, na watu wote walikisikia. Kasiano akaanza kusema kwamba jambo hili litakuwa na athari, kwamba wilaya itaulizwa, kwamba yeye binafsi ataulizwa. Yule askari wa mahabusu alimpita, akachukua jembe, akaliendea jeneza la mama yake. Mwanamke mmoja aliyempoteza mume na wanawe wawili alipiga magoti, akaanza kusukuma udongo kwa viganja, akimtukana Mheshimiwa kwa jina la wizara yake, tusi baada ya tusi, bila kupaza sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Kisha watu wote wakaingia kazini, kila mmoja akazika wake.

Walipomaliza walipanda maua, wakachukua majembe yao, wakawachukua watoto wao.

Ving'ora vya msafara vilisikika mchana umeshageuka. Mheshimiwa alishuka garini na tuzo yake ya kioo, akapita katikati ya watu waliokuwa wanaondoka, akafika mbele ya makaburi yaliyofukiwa. Akauliza asimame wapi. Hakuna aliyemwonyesha.